Gitaa la Mzee na Ukimya wa Mnunuzi

Mtu anayejua thamani ya kitu akimkuta asiyeijua, akakinunua kwa bei ndogo pasipo kutamka uongo wowote, je, ametenda haki? Swali hili ni la kale kama soko lenyewe. Tungependa kulitazama kwa mfano wa chombo ambacho wengi hawakitarajii katika mazungumzo ya utamaduni wetu: gitaa la besi lililotengenezwa Japani.

Tuchukulie kwamba mzee mmoja wa Kilwa Masoko, aliyepiga dansi ujanani, analo gitaa la namna hiyo uvunguni. Si jambo la ajabu. Hata bendi ya Kilwa Jazz, iliyoongozwa na Ahmed Kipande huko Dar es Salaam, ilibeba jina la pwani hii. Kulitambua gitaa hilo ndiko kugumu. Katika miaka ya 1960 viwanda vya Japani vilitengeneza magitaa mengi kwa maagizo ya wafanyabiashara wa nchi za nje, kila mmoja akibandika jina lake. Hivyo magitaa mawili ya kiwanda kimoja huweza kuwa na majina mawili, na mengine hayana jina kabisa. Tena kampuni ya Teisco, iliyoanzishwa mwaka 1946, ilinunuliwa na Kawai mwaka 1967, na jina lake likaendelea kutumika. Kwa hiyo mjuzi hasomi kichwa cha gitaa tu. Hutazama umbo la shingo, bamba la chuma pale shingo inapoungana na kiwiliwili, sumaku zinazonasa mtetemo wa nyuzi, na kama waya za ndani zimepata kuchomelewa upya. Kipande kilichobadilishwa hupunguza bei, uadimu huipandisha.

Mzee hayajui hayo. Mnunuzi anayajua, naye ananyamaza.

Wapo watakaomtetea, wakisema ujuzi ni mtaji kama mtaji mwingine. Kilwa yenyewe ilitajirika kwa kujua kwamba dhahabu ya Sofala na nguo za Bara Hindi hazina bei moja katika kila bandari. Utetezi huu una nguvu, wala hatuupuuzi. Lakini sheria ya Kiislamu, iliyokuwa ikifuatwa Kilwa hata kabla Ibn Battuta hajafika huko mwaka 1331, inakataza kuulaki msafara njiani na kununua mali kabla wenyewe hawajafika sokoni. Faida haikukatazwa, kilichokatazwa ni kumuwahi mtu kabla hajapata habari.

Zaidi ya hayo, mnunuzi naye ana asilolijua. Mzee ndiye ajuaye gitaa lilipigwa katika bendi gani, na kovu lile ubavuni lilitokana na nini. Neville Chittick, alipochimba Kilwa Kisiwani, aliweza kukadiria umri wa majengo kwa vigae vya vyombo vya kigeni kwa kuwa alivikuta katika tabaka zake. Kigae hicho hicho kikiokotwa na kuuzwa, hakisemi tena neno juu ya Kilwa.

Sisi twaona kwamba mnunuzi ana wajibu wa kueleza, kabla ya bei kutajwa, chombo hicho ni kitu gani na hutafutwa na watu gani. Faida atakayoipata baadaye ni ujira wa ujuzi wake. Na habari za mzee ziandikwe, ziende pamoja na gitaa. Sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1964 huhesabu kuwa vya kale vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, basi gitaa halimo. Mlangoni pale hakuna afisa wa kuuliza. Wapo watu wawili, na gitaa limeegemezwa ukutani.