Kuunda au Kununua: Haki Iliyojificha Ndani ya Kipuri



Ndugu zangu wanachuo, wengi wetu tunaitamani pikipiki. Wapo wanaoitaka wafanye boda wakati wa likizo wapate karo. Wapo pia, nami nikiwa mmoja wao, wanaopenda zile za zamani kama Honda CG125 na Suzuki A100. Anayetaka ya namna hiyo hapa Kampala ana njia mbili. Atafute iliyo kamili ainunue, au aanze na fremu na tangi, kisha aunge kipuri kwa kipuri mpaka iwake. Mazungumzo yetu huishia kwenye bei. Mimi naona hapa pana swali la haki, na fiqhi tunayoisoma darasani ina neno juu yake.

Kuunda kuna fadhila zake. Honda walipoitoa CG125 mwaka 1976 waliikusudia nchi ambako pikipiki hufanya kazi nyingi na kupata matunzo machache. Injini yake haina makuu, na viwanda vingi vya China viliiiga, ndiyo maana hadi leo vipuri vya kuiingia havisumbui kupatikana. Ukiteremka kutoka Msikiti wa Kitaifa ulioko Old Kampala, mwendo mfupi tu, unafika soko la Kisekka, na humo utapata pistoni, klachi na kabureta. Anayeunda hununua kidogo kidogo kwa kadiri ya mfuko wake: leo mnyororo, mwezi ujao shokapu. Haba na haba hujaza kibaba, wala halazimiki kuukimbilia mkopo wa riba.

Fadhila ya pili ni kwamba anaijua mali yake. Uislamu umekataza biashara ya gharari, yaani kuuziana kitu ambacho hali yake haijulikani. Anayenunua pikipiki kuukuu iliyopakwa rangi mpya huona rangi, haoni silinda. Anategemea ulimi wa muuzaji. Sote tunakijua kisa cha Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni, akaingiza mkono katika rundo la nafaka, akakuta umajimaji ndani. Mwenye mali akajitetea kwamba mvua ilinyesha. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka juu ile iliyolowa ili watu waione, akabainisha kwamba mwenye kudanganya si katika wafuasi wake. Rangi mpya juu ya injini iliyochoka ni nafaka kavu juu ya nafaka iliyolowa.

Ningeishia hapo, ningesema kuunda ni bora na kalamu ningeiweka chini. Lakini kuna upande mwingine.

Pikipiki kamili ina namba kwenye fremu, ina namba kwenye injini, na ina logibuku yenye jina la mtu. Ikiibwa inaweza kutambuliwa. Kabureta haina logibuku. Taa, rimu na tangi havina jina la mtu. Mwizi analijua hilo, naye akiifungua pikipiki vipande vipande huwa ameipoteza kabisa. Na katika mji huu wizi wa pikipiki si jambo dogo. Waendesha boda wamepigwa vyuma vya kichwa usiku, na baadhi yao wamekufa. Kijana mmoja wa mtaani kwetu alinusurika baada ya kushonwa kichwa, lakini pikipiki ilikwenda. Mkopo aliouchukua kuinunua haukwenda. Kila wiki analipa deni la kitu asichokuwa nacho. Kila nikiona kipuri kinauzwa kwa bei ya kutupwa, namkumbuka yeye. Huenda rimu yake iko mahali fulani, imesuguliwa, inang'aa, inamngoja mtu kama mimi anayeunda pikipiki yake kwa furaha.

Wapo watakaosema: kipuri kikishaingia kwenye pikipiki yangu kimekuwa sehemu ya pikipiki yangu, historia yake imekwisha. Wagiriki wa kale walikuwa na swali linalokaribiana na hili, swali la jahazi la Theseus: mbao zake zikibadilishwa mmoja baada ya mwingine hadi zote ziwe mpya, je, jahazi ni lile lile? Mafuqaha wetu nao walizungumzia ubao na jahazi, lakini swali lao lilikuwa tofauti. Waliuliza: ubao huu ni wa nani?

Katika mlango wa ghasbu wamejadili mtu aliyepora ubao akaupigilia kwenye jahazi lake, au aliyepora gogo akajenga juu yake. Madhehebu ya Shafi, tunayoyafuata wengi wetu Afrika Mashariki, husema ubao ung'olewe urudishwe kwa mwenyewe, ila ikiwa jahazi liko baharini na kuung'oa kutahatarisha roho za watu. Hapo hungojewa mpaka lifike pwani. Hanafi wao husema aliyejenga juu ya gogo atalipa thamani yake, asibomolewe jengo. Wametofautiana katika njia ya kurudisha, hawakutofautiana kwamba mwenyewe ana haki. Hakuna aliyesema misumari huifuta haki ya mtu.

Kwa hiyo pikipiki yenye vipuri arubaini ina maswali arubaini ya umiliki. Je, tupeleleze kila duka? Hapana. Asili ni kwamba mali iliyo mkononi mwa mtu ni yake mpaka ionekane dalili kinyume chake, na wauzaji wa vipuri wengi ni watu wanaotafuta riziki ya halali. Kuwadhania wote wizi ni dhambi nyingine. Lakini dalili ikionekana, usifumbe macho. Injini iliyosuguliwa namba ni dalili. Bei isiyolingana na kitu ni dalili. Muuzaji asiye na kibanda, anayetaka mkutane jioni na hataki kuandika risiti, ni dalili. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kati ya halali na haramu kuna yenye kutatiza, na mwenye kuyaepuka ameisalimisha dini yake.

Aliyeunda hajamaliza kazi siku pikipiki inapowaka. Siku akiiuza, yeye ndiye mwenye rundo la nafaka. Ikiwa tangi ni la Honda na injini ni ya China, aseme hivyo, asiibandike nembo akaiita Honda halisi. Ndiyo maana nashauri daftari: kila kipuri, duka lake, tarehe na risiti. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa kinachoweza kupotea ni haki ya mtu.

Mimi bado naegemea upande wa kuunda. Ila naamini anayeunda amebeba amana nyingi kuliko anayenunua, kwa idadi ya vipuri alivyovikusanya. Asiyeweza kungoja, aliyezoea kuchukua cha rahisi bila kuuliza, ni heri anunue iliyo kamili yenye logibuku safi, kutoka kwa mtu anayejulikana.

Allah atujaalie riziki ya halali na atuepushe na haki za watu. Wallahu a'lam.