MOTISHA YA MWALIMU: THAWABU SI MSHAHARA

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni zake, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.



Ijumaa hii tunaleta mbele yenu suala linalozungumzwa katika kila nyumba yenye mtoto wa sekondari, kuanzia hapa Lubondja hadi Fizi na Baraka. Mwalimu asiyelipwa, au anayelipwa kidogo na kwa kuchelewa, je, bado ana wajibu wa kufundisha kwa moyo? Na sisi tunaomwambia, "Wewe fundisha tu, Mungu atakulipa," je, tunampa nasaha au tunakwepa deni?

Watu wamegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza linasema: ualimu ni wito, na mwenye wito hahesabu franka. Kundi la pili linasema: mkono mtupu haulambwi, na asiyelipwa hana deni kwa mtu yeyote. Kila kundi lina nusu ya haki. Kosa lao ni moja: wanachanganya madaftari mawili. Kuna daftari la nia, ambalo ni kati ya mwalimu na Mola wake. Na kuna daftari la ujira, ambalo ni kati ya mwalimu na wanadamu waliomweka kazini. Deni la daftari moja halilipwi kwa mali ya daftari la pili.

JINSI NENO LILIVYOGEUKA

Tuanze na neno lenyewe. Katika nchi yetu ukimwuliza mtoto, "Motivasyo ni nini?" hatakwambia ni hamu ya mtu kufanya kazi. Atakwambia ni pesa ambazo wazazi wanatoa shuleni ili mwalimu apate chakula. Neno la moyoni limekuwa jina la mchango!

Halikugeuka hivi hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mshahara wa Serikali ulikuwa umekufa mikononi mwa walimu, migomo ikafunga shule, na tangu mwaka wa shule 1992–1993 wazazi wakaanza kuwalipa walimu wenyewe ili milango ifunguliwe. Ilisemwa ni dawa ya muda. Mwezi wa Februari 2004 Serikali ikafanya mapatano na watumishi wake kule Mbudi, Kinshasa, juu ya mishahara, na kwa miaka mingi baadaye walimu wakaendelea kuyadai. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 43, ikasema shule ya msingi ya umma ni ya bure, na mwezi wa Septemba 2019 jambo hilo likaanza kutekelezwa nchi nzima. Lakini neno "bure" liliishia shule ya msingi. Sekondari ikabaki juu ya mgongo wa mzazi. Septemba 2024, shule zilipofunguliwa, walimu wa mikoa kadhaa, Kivu ya Kusini ikiwemo, waligoma na kudai mshahara wa dola 500.

Ndani ya hali hiyo wako walimu ambao mambo yao ni magumu zaidi, wale tunaowaita N.U., yaani wameshapangwa kazini, wana darasa na wana wanafunzi, lakini majina yao hayajaingia katika orodha ya malipo ya Serikali. Hata aliye katika orodha, mara nyingi anafunga safari ndefu kwenda kupokea, na nauli inakula sehemu ya kile alichokifuata. Na mwaka 2025, Goma ilipotekwa mwezi wa Januari na Bukavu mwezi wa Februari, benki za miji hiyo zilifungwa, na mtu mwenye mshahara katika karatasi akabaki bila kitu mfukoni.

Wengi wetu tumeliona jambo hili hata ukimbizini. Kule Lugufu na Nyarugusu, mkoa wa Kigoma, watoto wetu walisomeshwa mtaala wa Kongo na walimu wakimbizi waliopewa posho ndogo, isiyoitwa hata mshahara. Walifundisha. Tunawashukuru. Lakini subira yao isigeuzwe sheria kwamba mwalimu wa Kongo anaweza kuishi kwa kushukuriwa.

WANAVYUONI WALISEMAJE?

Ndugu zangu, suala hili ni la zamani. Wanavyuoni walihojiana sana: je, inafaa kuchukua ujira kwa kufundisha Kurani? Imamu Abu Hanifa na wenzake wa kwanza walikataza. Imamu Shafi aliruhusu. Kisha tazameni jambo la ajabu: wanavyuoni wa Kihanafi waliokuja baadaye waliacha kauli ya wakubwa wao na kuruhusu. Kwa nini? Kwa sababu zile posho ambazo walimu walikuwa wakipata kutoka hazina ya Waislamu zilikatika, na ikaogopwa kwamba elimu itapotea. Waliona kuwa mwalimu wa zamani aliweza kukataa ujira kwa sababu kulikuwa na mkono mwingine uliomlisha. Mkono ule ulipoondoka, kumtaka afundishe bure kulikuwa ni kumtaka afe njaa.

Al-Qabisi wa Kairuani, aliyefariki mwaka 1012, aliandika kitabu kizima juu ya walimu na wanafunzi. Naye alieleza kwamba kazi hii ikiachiwa wanaojitolea peke yao, watoto wengi watabaki bila kusoma, kwa maana wanaojitolea ni wachache na watoto ni wengi.

Mtu atasema: mbona Imamu Ghazali amefundisha kwamba mwalimu asitafute malipo? Ni kweli. Lakini someni maisha yake pia. Alipoacha kazi ya ualimu katika Nidhamiya ya Baghdad, mwaka 1095, na kwenda kutafuta usafi wa moyo, aligawa mali yake, lakini alibakiza kiasi cha kuwatosha watoto wake, na alieleza kwamba mali ya Iraki ilikuwa na wakfu kwa maslahi ya Waislamu. Basi hata yeye, aliyepanda juu kiasi kile katika ikhlasi, hakuwaacha watoto wake na njaa akaiita njaa yao ni uchamungu.

Na wataalamu wa kazi wa siku hizi wamefika karibu na hapo kwa njia yao. Mwaka 1959 Mmarekani Frederick Herzberg na wenzake walitoa kitabu baada ya kuwahoji wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa eneo la Pittsburgh. Waliona kwamba mambo yanayomchosha mtu na kazi yake, kama mshahara mbaya na usimamizi mbaya, ni mbali na mambo yanayompa furaha, kama kuona kazi yake imezaa na kutambuliwa. Ukiondoa la kwanza, mtu anaacha kulalamika, lakini hilo peke yake halimpi furaha ya kazi.  Na la pili haliwezi kusimama mahali pa la kwanza. Haya ni yale yale madaftari mawili.

TUNAOWAAMBIA "MUNGU ATAWALIPA"

Sasa tuje kwetu wazazi. Anayemwambia mwalimu, "Mungu atakulipa," halafu akanyamaza juu ya deni lake, anatoa mali isiyo yake. Thawabu ni ya Mungu. Anampa amtakaye, na hahitaji sisi tumgawie. Kilicho chetu ni ile franka, ule mkungu wa ndizi, ule mfuko wa muhogo tulioahidi katika mkutano wa wazazi. Mafundisho juu ya jasho la mfanyakazi mnayajua, yamesomwa juu ya mimbari mara nyingi. Hatujapata kusikia kwamba jasho la mwalimu limetolewa katika hesabu hiyo.

Neno "wito" ni zuri, lakini mwenye haki ya kulisema ni mmoja: mwalimu mwenyewe, juu ya nafsi yake. Likisemwa na aliyeshiba kumwambia mwenye njaa, linakuwa kama kufuli mdomoni mwake.

Mtasema: imamu, sisi wenyewe hatuna. Mashamba tumeyakimbia kwa sababu ya vita, na nyumba nyingine hapa zimepokea familia mbili na tatu zilizoshuka kutoka milimani. Ni kweli, na Mungu hamkalifishi mtu asichokiweza. Lakini kuna "hatuwezi" na kuna "hatutaki". Asiyeweza aseme mwanzoni mwa mwaka, mbele ya komite, naye apangiwe kidogo au asamehewe. Anayeweza asijifiche nyuma ya asiyeweza. Kiasi kidogo kilichopatanwa na kutolewa kwa siku yake kinamfaa mwalimu kuliko kiasi kikubwa kisichofika. Ahadi ni deni.

Na wale wanaoshika sanduku, prefe na komite, nao wana hesabu yao. Mzazi akitoa bila kujua pesa imekwenda wapi, mwezi ujao hatatoa. Hesabu ibandikwe ukutani: kilichoingia, kilichotoka, kilichompata kila mwalimu. Karatasi moja ukutani inaondoa fitina nyingi.

Wala deni la Leta lisisahauliwe kwa kuwa wazazi wamesaidia. Mchango wa wazazi ni msaada juu ya deni la Serikali, haufuti deni hilo.

MWALIMU NAYE ANA HESABU YAKE

Ndugu zangu walimu, sasa ni zamu yenu, na tutasema kwa heshima lakini bila kuficha.

Aliyedhulumiwa ana haki ya kudai kwa yule aliyemdhulumu. Hana haki ya kwenda kuchukua kwa mtu mwingine. Mtoto aliyeketi mbele yako hakukuahidi mshahara. Yeye ndiye peke yake katika jambo hili asiyedaiwa chochote. Kwa hiyo anayeuza pointi, anayemfelisha mtoto ili mzazi aje "kuzungumza", anayetoa wanafunzi darasani saa za masomo kwenda kulima shamba lake, huyo hadai haki yake. Anakusanya deni kwa asiyekopa. Na pointi iliyonunuliwa inaendelea kudhulumu: mwenye pointi hiyo kesho atakuwa muuguzi wa mtu, au mwalimu wa mtu.

Je, mwalimu anaweza kugoma? Jibu letu ni hili: kuna migomo miwili. Mgomo wa wazi, uliotangazwa, wenye madai yanayojulikana, ni namna ya kudai. Mzazi anajua, mtoto anajua, mtoto anakaa nyumbani au anasaidia shambani. Lakini kuna mgomo wa kimyakimya: mwalimu anaingia darasani, anaandika tarehe ubaoni, anakaa na simu mpaka kengele. Huo ni mbaya zaidi. Mtoto anadhani amesoma, mzazi anadhani mtoto amesoma, na mwisho wa safari mtihani wa Serikali unakuja kusema kweli. Mwenye kugoma kwa wazi amezuia kazi yake. Mwenye kugoma kwa siri amechukua umri wa mtoto.

Na aliyechoka kabisa, akaona bora aende kwenye dhahabu ya Misisi, au kwenye mashirika ya Baraka, au aendeshe moto, hatumhukumu. Kulisha familia ni ibada pia. Tunamwomba jambo moja: aage. Amalize muhula ikiwezekana, aache daftari la pointi mikononi mwa prefe, asiwaache watoto wakimsubiri dirishani.

Lakini aliyechagua kubaki, afanye nini na moyo wake? Akumbuke hadithi ya nia, ile ambayo kila mtoto wa madrasa huanza nayo. Nia haiondoi haki ya ujira, na ujira hauharibu nia. Mtu anaweza kudai mshahara wake asubuhi kwa sauti kubwa, na saa hiyo hiyo akaeleza hesabu kwa uvumilivu hadi mtoto wa nyuma kabisa aelewe. Hilo si unafiki. Ni kushika madaftari mawili bila kuyachanganya. Na furaha ya kuona macho ya mtoto yakifunguka ni yake, hakuna anayeweza kuikata, lakini pia hakuna anayeruhusiwa kuihesabu kama sehemu ya malipo.

KWA KUFUPISHA

1. Mzazi: sema unachoweza, kisha kitoe kwa siku yake, pesa au mazao.
2. Komite na prefe: bandikeni hesabu.
3. Mwalimu: dai kwa anayedaiwa, wala usimguse mtoto.
4. Sote: tusimwambie mwalimu "Mungu atakulipa" kabla sisi hatujalipa. Tukishalipa, hapo neno hilo linakuwa dua.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atupe amani katika Fizi yetu, awape walimu wetu riziki ya halali na moyo mwepesi, awafungulie watoto wetu elimu yenye manufaa, na atuepushe na kusimama mbele yake tukiwa na jasho la mtu mikononi. Amin.

Wabillahi tawfiq.