Gari Kuukuu: Uwekevu au Ubahili?

Magari madogo mengi tuyaonayo hapa Mwanza, katika Barabara ya Nyerere na ile ya Makongoro, yalitumiwa na watu wengine kabla ya kutufikia. Mengi yametoka Japani. Huko gari dogo jipya hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na gharama zake huwafanya wengi wauze mapema. Toyota Starlet iliacha kutengenezwa mwaka 1999, nafasi yake ikachukuliwa na Vitz. Walakini wako watu waliokaa na Starlet zao miaka na miaka.

Basi twajiuliza: mtu wa namna hiyo ni mwekevu, au ni bahili? Majirani wengine humcheka. Serikali nayo hutoza ushuru wa nyongeza wa uchakavu kwa gari dogo linaloingizwa nchini likiwa limetimiza miaka 8 au zaidi. Hata hivyo, sisi twaona kwamba umri peke yake si kosa. Mtu atumiaye petroli kidogo, anunuaye spea zipatikanazo kwa urahisi, asiyekopa ili aonekane, hajamdhulumu mtu. Anatumia kilicho chake mpaka kimalize kazi yake, na hilo ni jema.

Lakini yatupasa kupambanua. Mwekevu hujinyima yeye mwenyewe. Bahili hupunguza matumizi yake kwa kumtwisha mwingine hatari. Redio ikifa, kiti kikichanika, rangi ikibabuka, hasara ni ya mwenye gari. Na zikae hivyo. Breki, tairi, stelingi na taa ni jambo jingine. Mji wetu ni wa vilima na mawe. Anayeteremka kutoka Bugando na breki zilizolika habebi hatari hiyo peke yake, kwani huko chini wako wanafunzi, akina mama wenye mabeseni ya dagaa, na vijana wa bodaboda.

Tuchukue mfano wa mafuta ya breki. Hayo hunyonya unyevu taratibu, hata gari likiwa halitembei sana. Yakipata joto kali kwenye mteremko, maji yaliyomo huchemka na kuwa mvuke, na ukikanyaga breki mguu huzama bure. Ndiyo maana hushauriwa yabadilishwe kila baada ya miaka 2 hivi. Mafuta yaliyochakaa hayapigi kelele, wala abiria hayaoni. Askari wa usalama barabarani hukagua, na stika hubandikwa kioo cha mbele, lakini stika haijui lililotokea jana. Hapo dhamiri hubaki kuwa mkaguzi.

Jambo hili si geni. Katika Kumbukumbu la Torati, mwenye kujenga nyumba mpya aliagizwa kuzungushia ukuta paa lake, kwa kuwa watu wa nyakati zile walikaa juu ya paa na mtu angeweza kuanguka. Nyumba ilikuwa yake, na paa lilikuwa lake. Uhai wa mgeni aliyepanda juu haukuwa wake.

Sasa liko swali gumu, ambalo sisi wastaafu twalijua. Pensheni imekwisha, mwisho wa mwezi uko mbali, mjukuu anadaiwa shuleni, na fundi amesema breki hazifai. Usiku jirani anabisha hodi: binti yake ameshikwa na uchungu, apelekwe hospitali ya Sekou Toure. Je, tukatae? Wengine watasema heri gari bovu kuliko kukosa gari. Kwa usiku huo mmoja labda ni kweli, iwapo usafiri mwingine haupatikani, iwapo tutamweleza jirani hali ilivyo, na tutakwenda polepole mno. Lakini kosa halikuanza usiku. Lilianza mchana, tulipokuwa na nafasi ya kutengeneza tukasema bado kidogo. Majirani wakijua kwamba kwa mwalimu pana gari, wamekwisha kulitegemea kabla hawajaomba. Nasi twalijua hilo.

Kwa hiyo twashauri hivi. Kila mwezi, kabla ya matumizi mengine ya gari, kiwekwe kitu kidogo kwa ajili ya breki na tairi. Isipowezekana, gari liegeshwe, nasi twende kwa daladala. Majirani waambiwe mapema, ili wajue pengine pa kukimbilia. Na siku ya kuliuza, ubovu wote tuujuao usemwe mbele ya mnunuzi kabla hajahesabu fedha zake, ingawa bei itashuka.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wazee. Kwa gari, ufa ni wetu kuuziba, lakini ukuta huenda ukamwangukia mtu ambaye hakupata faida yoyote ya uwekevu wetu.