Kitu Ulichokitupa ni cha Nani?

Swali hili laonekana dogo, tena laweza kuchekesha. Mimi mwenyewe sikulifikiri mpaka siku parokia yetu hapa Kisangani ilipoletewa friji mpya. Ilipanda mto kwa mashua kutoka Kinshasa, imefungwa katika katoni, na ndani ya katoni vipande vikubwa vyeupe vya kitu tunachokiita frigoliti. Katoni watoto waliiomba mara moja. Frigoliti hakuna aliyeiomba. Basi nikaivunja kwa mguu, nikaitia katika mfereji ulio nyuma ya ua, nikanawa mikono.

Usiku wa tatu ikanyesha mvua, mvua ya kwetu mnayoijua. Vile vipande vikaelea hadi kwenye daraja dogo la njia, vikaziba, na maji yaliyokosa pa kupita yakaingia katika nyumba ya mama mmoja mjane. Gunia lake la mchele likalowa. Asubuhi akanijia, akasema bila hasira: "Katekista, vitu vyenu vimelala kwangu." Nikamjibu: "Mama, si vyetu tena, tulikwisha kuvitupa." Akanitazama tu.

Jibu langu lilikuwa na sura ya haki. Wanasheria wa Roma ya kale walifundisha kwamba mtu akitupa kitu kwa nia ya kukiacha, kitu hicho si mali yake tena, na atakayekiokota ndiye mwenyewe. Mafundisho hayo yamo katika kitabu cha sheria kilichotolewa kwa amri ya Kaisari Justiniani mwaka 533. Walakini kitabu kile kile chasema na neno jingine, nililolisahau (nami nilipita seminari, si kwamba sikufundishwa): kitu kikitupwa au kumwagwa njiani toka nyumbani mwa mtu, kikaleta hasara, mkaaji wa nyumba sharti alipe mara mbili ya hasara hiyo, hata kama aliyetupa ni mwingine. Maana yake, mali yaweza kukutoka na lawama ikabaki. Ni mambo mawili, nasi twayachanganya kwa sababu kuyachanganya kwatufaa.

Wazee wetu hawakuhitaji kulichunguza sana jambo hili. Chikwange ilifungwa, na hata leo hufungwa, katika majani ya mangongo. Ukiisha kula unalitupa jani, na udongo unalipokea. Kutupa kulikuwa ni kurudisha. Mkono wetu ungali na desturi ya jani, lakini kilichomo mkononi si jani.

Frigoliti hutengenezwa hivi: punje ndogo za plastiki itokayo katika mafuta ya petroli, zenye gesi ndani, hupigwa mvuke wa moto zikavimba na kushikamana. Katika sehemu 100 za ukubwa wake, zaidi ya 95 ni hewa. Ndiyo sababu ni nyepesi, hutunza baridi, tena hukinga friji isivunjike safarini. Ndiyo sababu pia haina mnunuzi ikiisha kazi. Mwenye kununua vyuma vikuukuu hupima kilo. Nani atajaza hewa lori zima aipeleke mbali? Viko viwanda duniani vinavyoigandamiza na kuiyeyusha ili itumike upya, lakini si hapa kwetu. Nayo haiozi. Huvunjika ikawa punje, na punje huingia katika Tshopo au katika mto mkubwa, zikateremka. Kuichoma je? Hutoa moshi mweusi wenye masizi na mvuke wa stireni, ambayo wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya Duniani waliihesabu mwaka 2018 kuwa yamkini huleta ugonjwa huo. Wako pia wanaoiyeyusha kwa petroli wapate gundi. Mvuke wa kazi hiyo sitaki watoto wetu wauvute.

Mtu atasema: mwenye kosa ni yule aliyeitengeneza. Kwa sehemu kubwa ni kweli. Aliyeifunga friji hakujiuliza Kisangani itafanya nini na vipande vile, na ni haki adaiwe. Serikali nayo, kwa amri ya tarehe 30 Desemba 2017, ilikataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko na vifungashio vya plastiki; sokoni kwetu mifuko haijakosekana. Lakini kosa la mwingine likiwa kubwa, langu haliachi kuwa langu. Si kiwanda kilichoziba mfereji wa yule mama. Tena tazameni: friji ilikaa kwetu juu, na mfereji huteremka. Yeye ambaye hajapata hata kikombe cha maji baridi toka friji ile ndiye aliyepokea mabaki yake.

Nilimlipa mama gunia moja, si mawili kama alivyoagiza Justiniani, kwa kuwa posho ya katekista mnaijua. Kisha mimi na vijana wawili tukaingia mferejini. Vipande vilivyobaki vizima nilimpelekea muuza samaki mmoja bandarini. Akavipanga ndani ya sanduku la mbao, akatia barafu, na samaki wake wakakaa vema mpaka jioni. Akaniuliza: "Katekista, hakuna vingine?" Vilikuwako, ila nilikuwa nimevivunja kwa mguu wangu, navyo havikumfaa. Nimevitia katika gunia. Liko hata leo nyuma ya mlango wa ofisi, jepesi mno, wala sijapata wa kumpa.