Ukitaka Kuisikia Sauti Ndogo

Wapendwa, somo la juma hili ni 1 Samweli 1, pale Hana anapoomba huko Shilo, midomo ikicheza na sauti isisikike, naye kuhani Eli akadhani amelewa. Safari hii limenijia kwa njia ya jambo ninalolipenda tangu ujana, kupiga santuri.

Katriji, yaani kile kichwa kinachobeba sindano ya santuri, ya Denon DL-103, iliyoundwa Japani mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa ajili ya shirika la utangazaji la NHK, ina koili ndogo inayocheza kati ya sumaku. Umeme inaoutoa ni milivolti 0.3 tu. Amplifaya ya kawaida ya santuri inangoja kama 3 hadi 5. Ukiipa hiyo 0.3, mvumo utamfunika mwimbaji. Ndiyo maana kati ya katriji na amplifaya huwekwa transfoma ya kupandisha volti.

Wengi tukienda kuichagua huuliza inapandisha mara ngapi, tukachukua iliyo kubwa. Hapo naomba tutulie. Transfoma hiyo haichomekwi ukutani, haina nguvu ya kwake. Kila inachotoa imekichukua kwenye ile koili. Koili ya DL-103 ina ukinzani wa omu 40, na mlangoni mwa amplifaya mna omu 47,000, mzigo mwepesi kabisa. Ukiweka transfoma ya 1:10, koili inaona omu 470. Namba imeshuka, mzigo umeongezeka, lakini bado inaumudu, na zinatoka karibu milivolti 2.8. Ya 1:20 inashusha hadi omu 118 hivi, zinatoka 4.5. Ukienda 1:40, koili inabebeshwa omu 29, chini ya ukinzani wake yenyewe. Ulitarajia milivolti 12. Unapata 5 na kidogo. Zaidi ya nusu imepotelea ndani ya koili.

Nikiipiga hesabu hiyo namfikiria mjane anayekuja ofisini kueleza kwamba shemeji zake wamechukua shamba. Anasema kwa sauti ya chini. Nasi, kwa nia njema, tunamtaka aandike barua, arudie habari ile mbele ya wazee wa mtaa, kisha mbele ya kamati, kisha alete mashahidi. Faili linanenepa, yeye anakauka. Mwisho anasema, "Basi, mchungaji, yaishe," nasi tunaandika kwamba shauri limekwisha. Hili linaniuma sana.

Tena, inafaa transfoma iwe iliyosawazishwa. Kila upande wa stereo, katriji ina pini mbili, nyeupe na bluu kushoto, nyekundu na kijani kulia, na koili yenyewe haijashikamana na ardhi. Ukiziacha nyaya hizo mbili zifike hivyo hivyo kwenye transfoma, ardhi ukaiunganisha na ganda la kebo tu, mvumo wa umeme wa nyumba unaingia katika nyaya zote mbili kwa kiasi kilekile. Transfoma husikiliza tofauti kati ya nyaya hizo peke yake, kwa hiyo mvumo unabaki nje. Mwenye fedha kidogo aanze kwa kulinda upande huo wa kuingilia. Upande wa kutokea volti zimeshapanda, hata ukitumia waya wa kawaida hapana hasara kubwa.

Shilo nako palikuwa na mvumo wake, sikukuu, watu wakila na kunywa. Eli aliyachukua ya mahali pale akamtwika Hana, mwanamke aliyekuwa hajala. Lakini alipojibiwa alinyamaza akasikia, na hapo namheshimu mzee huyu. Hakumtaka aeleze upya. Hata anaomba nini hakumuuliza. Alimruhusu aende kwa amani, akamtakia kwamba Mungu wa Israeli ampe haja yake.

Baraza la wazee likikaa Jumatano, nitaomba kila shauri la mjane au yatima lipewe mzee mmoja, mama au baba, atakayemfuata nyumbani kwake na kumsikiliza mpaka amalize. Kuanzia hapo barua, mashahidi na safari za mahakamani ziwe kazi ya mzee huyo. Walio tayari waniletee majina yao leo baada ya ibada.