Koki ya Mkono Haijifungi

Mjomba, mama yako kanieleza kwamba skuta uliyonunua kwa hela za korosho inafuka moshi mweusi, na fundi wa hapo Newala anataka kung'oa koki yake ya mafuta akuwekee ya pikipiki ya kawaida, ile ya kufungua na kufunga kwa mkono. Dada yangu aliniuliza kama mwanawe anaibiwa. Nikamjibu hapana, huenda fundi kasema kweli. Ila yapo mambo fundi hatakwambia. Hana ubaya, ni kwamba yeye halali na hiyo skuta. Unayelala nayo ni wewe.

Kwanza uijue hiyo koki unayotaka kuitupa. Ina mipira miwili. Mnene unapeleka petroli kwenye kabureta. Mwembamba haupitishi mafuta kabisa, umeungwa kwenye shingo ya injini, pale hewa inapoingilia. Pistoni ikishuka inavuta hewa, na mvuto huo unapita kwenye mpira mwembamba hadi ndani ya koki, unanyanyua kiwambo cha mpira, laini kama ngozi ya puto. Kikinyanyuka, petroli inapita. Ukizima injini, springi inakirudisha na mafuta yanakatika. Ni kama mlinzi anayefunga geti kila ukipita, na wewe hata sura yake huijui.

Siku kiwambo kikichanika, mvuto unanyonya petroli kwa njia ya mpira mwembamba na kuimwaga kwenye injini bila kupitia kabureta. Ndiyo moshi mweusi, plagi imelowa, tenki linaisha kabla ya safari. Basi kabla hujatoa hata shilingi, chomoa mpira mwembamba upande wa injini. Ukiukuta na petroli, fundi kapatia. Ukiwa mkavu, nunua bomba la sindano duka la dawa, chomeka kwenye mpira huo uvute, huku mpira mnene umeuelekeza kwenye chupa. Petroli itoke, na ukiachia ikome. Ikifanya hivyo, koki yako ni nzima, moshi unatoka kwingine: choki imekwama, au filta ya hewa imejaa vumbi. Mafundi wengi hawapimi, wanabadilisha tu. Nawasema wenzangu, na mimi nilikuwa hivyohivyo.

Sasa tuseme kiwambo kimekufa kweli. Ningekuwa wewe ningetafuta koki mpya ya aina ileile, hata kama ni kuagiza Dar es Salaam na kusubiri basi. Lakini nakujua, utataka skuta itembee kesho. Koki ya mkono ipo kila duka la spea Masasi, haina kiwambo cha kuchanika, na hata baada ya miaka ishirini unaweza kuifungua na kuisafisha. Siikatai. Nataka ifungwe vizuri.

Angalia tenki liko wapi. Likiwa chini ya siti, juu kuliko kabureta, mafuta yatashuka yenyewe. Likiwa chini miguuni, lazima ipo pampu ndogo inayoendeshwa na mvuto uleule wa injini. Mpira wa pampu hiyo usiguswe. Halafu usikubali koki ya maji, hata ya shaba inayong'aa. Raba yake ya ndani haikutengenezwa kwa petroli, itavimba na kuoza. Na mpira wa dripu, ambao kila kijiwe kinaupenda kwa sababu unaonyesha mafuta yakipita, baada ya muda unakauka kama ganda la korosho na kuchomoka wenyewe. Nunua mpira wa mafuta, na klipu kila upande.

Tundu la shingoni ulikochomoa mpira mwembamba lizibwe kabisa, kwa kofia ya mpira na klipu. Hapa niliwahi kuumbuka. Skuta ya mwalimu mmoja nilimfanyia kazi hiyo jioni, kijana wangu anakusanya spana, nami nikasahau lile tundu. Injini ikawa inavuta hewa kwa mlango wa uani. Ikajipiga resi yenyewe, yeye akafurahi, akasema leo ina nguvu. Alifika Ndanda pistoni imeng'ang'ania ndani ya silinda, maana petroli kidogo kwenye hewa nyingi huunguza. Pistoni nilinunua mimi.

Tena koki ikae mahali mkono unapofika. Skuta imevaa plastiki mwili mzima. Ukihitaji bisibisi kuifikia, utaifunga siku mbili na ya tatu utaiacha. Toboa plastiki kama ni lazima, sura itaharibika kidogo, basi.

Mwanzoni utasahau kuifungua. Utawasha, utaondoka kwa mafuta yaliyobaki ndani ya kabureta, na itakuzimikia mita chache mbele, pengine katikati ya kilima cha kupandia Newala, abiria nyuma na roli linakuja. Hilo ni la kuchekwa tu. La hatari ni kusahau kuifunga. Kinachozuia mafuta hapo ni sindano ya boya ndani ya kabureta, na chembe moja ya mchanga inatosha kuiacha wazi. Petroli itashuka usiku kucha hadi kwenye oili. Asubuhi chomoa kijiti cha oili unuse. Ikinuka petroli au ikizidi alama, usiwashe, mwaga oili yote. Na kiki ikigoma kushuka usiikanyage kwa hasira, fungua plagi kwanza.

Wewe umekulia uwandani, ambako hakuna mto, na maji yanasukumwa kutoka Mitema, bondeni, tangu miaka ya 1950. Bibi yako, aliyewahi kushuka bondeni kuyafuata, hakuvumilia koki inayodondosha. Angekuita kutoka usingizini uje kuifunga. Kwa petroli nataka uwe na sikio hilohilo.

Maana najua skuta utailaza sebuleni, kwa kuogopa wezi, kama nilivyolaza Vespa yangu miaka ya 1980. Koki yake ilikuwa chini ya siti, na herufi za Kiitaliano: A wazi, R akiba, C imefungwa. Usiku mmoja nilirudi nimechoka, nikaiacha kwenye A. Mkazamjomba wako aliamka kwa harufu. Petroli ilikuwa inachuruzika chini ya injini, imefika kwenye mkeka, na kibatari kinawaka juu ya kigoda mlangoni kwa sababu mtoto alikuwa na homa. Hakupiga kelele. Alikibeba kibatari taratibu hadi nje, akakizimia chini ya mwembe, akarudi gizani kuwatoa watoto mmoja mmoja. Mimi aliniamsha mwisho.

Asubuhi nikakuta ameandika C kubwa kwa mkaa juu ya mlango wa chumbani, upande wa ndani. Tumepaka chokaa mara mbili tangu hapo. Ukija Masasi nitakuonyesha, bado inasomeka.