Dawa Isiyokubali Kushindwa

Wajukuu zangu mnaoshuka maduarani kuchimba dhahabu Nyarugusu, Mgusu, Lwamgasa na Mwakitolyo, leo nazungumza nanyi habari za vita. Najua mnazipenda. Jioni mkitoka kwenye mwalo mnakaa na simu zenu mkisikiliza visa vya majasusi, majemedari na vyama vya siri vya Ulaya, na wapo wanaovisimulia vizuri kuliko mwalimu wa historia. Sina ugomvi na hilo. Ila na sisi tunavyo visa vyetu vya madaraka, siri na vita, na kimoja hakijaisha. Kingali kinauzwa huko mnakochimba, kwa jina jingine, na kingali kinaua.

Anzeni nacho Ngarambe, kule kusini. Mwaka 1904 habari zilianza kuenea kuhusu mganga Kinjikitile Ngwale na maji yake. Watu walikuwa wamechoka. Maakida wa Wajerumani waliwalimisha pamba kwa kiboko, na ujira wenyewe hautoshi kulipia kodi. Habari za maji zilipita kwa kunong'onezana, kijiji hadi kijiji, miezi kadhaa, na wakubwa wa serikali hawakung'amua. Tuwape heshima yao: siri ile iliwaunganisha Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro na baadaye Wangoni, watu ambao hawakuwahi kuwa na mtawala mmoja. Walichokuwa wanadai ni haki yao, na mimi siruhusu mtu awacheke mbele yangu.

Lakini ndani ya siri ile iliwekwa ahadi kwamba risasi ya Mjerumani itageuka maji. Julai 1905 pamba iling'olewa Nandete na vita ikaanza. Tarehe 4 Agosti Kinjikitile alinyongwa Mohoro. Tarehe 30 Agosti maelfu ya watu waliliendea boma la Mahenge, wazi mchana, wakakutana na bunduki za rashasha. Walianguka safu kwa safu, na walio nyuma wakaendelea kuja.

Hapo kwenye "wakaendelea kuja" ndipo ninapotaka mtulie nami. Mtu amemwona mwenzake aliyepakwa maji yaleyale ameanguka. Kwa nini asigeuke? Kwa sababu maji yalikuja na masharti. Usilale na mwanamke wakati wa vita. Usipore mali ya mtu. Aliyekufa, basi, alivunja sharti. Maji hayana kosa, kosa ni la marehemu, na marehemu hawezi kujitetea. Kwa utaratibu huo dawa haiwezi kushindwa hata siku moja, hata ikizika kijiji kizima. Vita ikaendelea hadi 1907. Wajerumani walichoma maghala na mashamba ili njaa iwamalizie kazi, na wapo wanahistoria wanaokadiria kuwa waliokufa walikuwa kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa hiyo.

Mngedhani somo la gharama hiyo lingetosha Afrika Mashariki nzima. Mwaka 1964 vijana waasi walioitwa Simba huko Kongo waliuteka mji wa Stanleyville, ambao leo ni Kisangani, wakipiga kelele "Mai Mulele!" Nao walikuwa na maji yao na miiko yao: usimguse mwanamke, usigeuke nyuma vitani. Mwaka 1986 Alice Lakwena wa Uganda kaskazini alianza kuwapaka wapiganaji wake mafuta ya shea na kuwafundisha kwenda vitani wima, wakiimba nyimbo za dini, bila kujificha nyuma ya kichuguu wala mti. Walifika hadi jirani na Jinja kabla ya kusambaratishwa mwishoni mwa 1987. Aliyepigwa risasi alihesabiwa kuwa mwenye dhambi. Alice mwenyewe alikimbilia Kenya na akafia kambi ya wakimbizi mwaka 2007. Vijana waliolala kwenye matope ya huko Busoga hakuna aliyewafutia ile dhambi waliyosingiziwa.

Sasa tuje kwetu, na hapa sisimulii ya kusoma.

Idi Amin alivamia Kagera mwaka 1978, tukamtoa, na Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Ushindi ule tulistahili. Lakini vita haiishi siku redio inapotangaza kuwa imeisha. Bunduki zilibaki mikononi mwa watu, maisha yakawa magumu, na huku Usukumani na Unyamwezini wizi wa ng'ombe ukabadilika sura. Zamani mwizi alikuja na rungu, sasa alikuja na silaha ya vita. Ndipo miaka ya 1981 na 1982, huku Kahama na mpakani na Nzega, likazaliwa jeshi la jadi la Sungusungu. Mtemi wake, katikiro wake, makamanda wake, mishale, filimbi, kiapo na dawa. Ukisikia mwano usiku, lile yowe la hatari, hukuuliza ni zizi la nani. Ulitoka, na kila kijiji kilipokea na kupaza kwa kinachofuata, mpaka mwizi akakosa pa kupitia. Ng'ombe wakarudi. Serikali mwanzoni ilisitasita, chama tawala kikawaunga mkono, na mwaka 1989 sheria ya mgambo ikawapa nafasi rasmi.

Hayo ni mema na nayasema kwa fahari. Ila yale yaliyofanywa chini ya kiapo, kwenye vikao ambavyo asiyeapa hakuingia, nayo niyaseme. Vikao hivyo havikuishia kwa wezi, vilianza pia kuhukumu wachawi. Na mchawi wa Kisukuma mnamjua anavyoelezwa: bibi kizee mwenye macho mekundu. Miaka yote hiyo nimemtazama mama yangu akipika kwa kinyesi cha ng'ombe kwa sababu kuni zilikuwa zimekwisha katika Shinyanga yetu iliyofyekwa. Moshi ule unachoma jicho. Nyumba haina dirisha, mama ameinamia chungu tangu ujana wake, na akifika miaka sabini jicho limekuwa jekundu kama la mlevi. Huo ndio ushahidi ambao watu walitosheka nao. Wazee wetu wa kike wamefukuzwa vijijini, wamekatwa mapanga usiku, na mara nyingi nyuma ya panga yupo mganga aliyepiga ramli chonganishi, na nyuma ya mganga yupo mrithi anayelitaka shamba. Kesi ingesikilizwa hadharani, mtu yeyote angeuliza habari za moshi. Kikaoni hakuna aliyeuliza, maana alikuwa ameapa.

Hilo ndilo lililonifanya nianze na Ngarambe. Dawa ile imehamia machimboni.

Dhahabu ya Geita imelala kwenye mishipa ya mawe ndani ya miamba yenye umri unaozidi miaka bilioni 2.5. Mshipa unanenepa hapa, pale unakatika, futi kumi mbele unarudi. Wawili wanachimba bega kwa bega, mmoja anapeleka karashani mifuko yenye mali, mwingine anasaga mawe matupu. Mwenye duara amelisha watu miezi mitano, amenunua mafuta ya pampu kwa mkopo, na hajaona kitu. Huyo ndiye windo. Anakuja mtu anamwambia duara lake limefungwa. Anatoa kuku mweusi, halafu masharti: msiingie na viatu, msioge kwa siku kadhaa, mwanamke asisogee. Mali ikionekana, mganga amefanya kazi. Isipoonekana, mmoja wenu alioga. Mnaona? Ni maji ya Mahenge yaleyale, marehemu ndiye mkosaji.

Na wavunja masharti wakiisha kulaumiwa, mganga hasemi nimeshindwa. Anasema dawa ilikuwa ndogo, inatakiwa kubwa zaidi. Tangu 2007 tumejua hiyo kubwa ni ipi. Watu wenye ualbino wamewindwa katika mikoa yetu hii ya Shinyanga, Mwanza na Geita, watoto wakikatwa viungo mbele ya mama zao, ili mchimbaji apate mali na mvuvi apate samaki. Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyokaa Kahama iliwahukumu kunyongwa watu watatu waliomuua mvulana wa miaka 14 kutoka Bukombe. Januari ya mwaka huohuo Waziri Mkuu Mizengo Pinda alikuwa ametangaza kufuta leseni za waganga wa jadi. Mwaka 2024, Muleba, hapo jirani na Geita, mtoto wa kike aliyekuwa hajafika hata umri wa kwenda chekechea aliporwa nyumbani na kuuawa. Kituo cha Buhangija, Shinyanga mjini, kimelea watoto waliopelekwa huko kwa sababu kulala kwao nyumbani kulikuwa hatari. Mtoto ana wazazi, ana nyumba, na analala bwenini kwa kutuogopa sisi.

Hakuna duara lililofunguka kwa damu hiyo. Mnaotaka kujua mali inavyopatikana, mtazameni John Williamson wa Mwadui. Yule Mkanada alikuwa msomi wa miamba, na alizunguka nchi hii miaka akichekecha changarawe mpaka mwaka 1940 akaufikia mwamba wa almasi. Na mkitaka kujua mtu anavyopona, kumbukeni Nyangalata, Kahama, mwaka 2015. Wachimbaji walifukiwa mwezi Oktoba, na watano wakatolewa hai siku ya 41, wakiwa wameishi kwa mizizi, mende, vyura na maji ya matone. Waliokolewa na wachimbaji wenzao waliosikia sauti chini wakachimba. Mtu anayejua gema lipi limelegea na matimba gani yameoza ananifaa mimi kuliko waganga kumi.

Kwa hiyo nawatuma kazi. Akija mtu kambini na habari ya dawa kubwa, muulize mbele ya wenzako wote: ikishindwa, nitajuaje kwamba imeshindwa? Msikilize vizuri anavyojibu. Na akikuvuta pembeni, akakwambia jambo hili liishie kati yenu wawili, kwamba ukilisema dawa itaharibika, basi liharibu. Mwambie mwenzako wa zamu, mwambie mwenyekiti wa kijiji, nenda polisi siku hiyohiyo kabla jua halijazama. Kama ana jina la mtoto mdomoni, usingoje hata kunawa tope. Na kama aliyekuvuta pembeni ni mjomba wako, au kaka yako, au mwenye duara anayekulisha, nenda vilevile.